Somo la Bustani: Figili Nyuma ya Nyumba

Wale mliokusanyika katika vikundi, katibu na achukue kalamu, maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Tutazungumza juu ya figili. Najua baadhi yenu mtacheka na kusema, "Kizizi kama kile kitamshibisha nani?" Hamkukosea, figili si chakula cha shibe. Lakini niambie, Bwana, tarehe 20 ya mwezi, mshahara umekwisha na mwingine haujafika, mboga ya jioni utaitoa wapi? Kabichi hutaka miezi mitatu hivi. Figili nyekundu ya mviringo, ukiipanda siku ya mshahara, utaing'oa baada ya siku 25 mpaka 30. Ile nyeupe ndefu hukawia zaidi, siku 50 au 60.

Kwanza udongo. Lima kina cha sentimita 20, vunja madongoa, ondoa mawe, kwa sababu mzizi ukikuta jiwe hupinda au hugawanyika. Kisha changanya samadi kiasi, nayo iwe imeoza kabisa.

Nasema imeoza, nami nina sababu. Nilipoanza kulima, mimi na diploma yangu, nilijaza tuta samadi mbichi ya mbuzi, nikidhani kuzidisha ndiko kupata. Majani yalinawiri hata wapita njia wakasimama kutazama. Nikaalika jamaa waje kula kachumbari. Kung'oa, naona chini vijizizi kama mikia ya panya! Aliyeniokoa ni mama mmoja jirani. Alichuma yale majani, akayakatakata, akayakaanga kwa kitunguu na nyanya, wageni wakala na ugali. Basi nikafahamu kwamba mbolea yenye naitrojeni nyingi hulisha majani ikausahau mzizi. Na majani yale tangu siku hiyo sijayatupa.

Figili haipendi kuhamishwa, kwa hiyo usioteshe miche kitaluni. Chora vifereji vya kina cha sentimita 1, kimoja mbali na kingine sentimita 15. Dondosha mbegu, funika kwa udongo laini, mwagilia polepole. Baada ya siku nne hadi sita utaona chipukizi.

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, kwa huruma. Miche imebanana, nawe Bibi unaona uchungu kuing'oa. Ing'oe! Kati ya mche na mche iache sentimita 5 kwa figili nyekundu, 10 hadi 15 kwa nyeupe. Ikibanana, hakuna hata mmoja utakaopata mzizi. Ile uliyoing'oa itie katika sufuria, hujapoteza kitu.

Maji yawe kidogo kidogo, bila kukosa. Ukiuacha udongo ukauke siku nyingi kisha ukaufurikisha, mizizi hupasuka. Joto kali nalo huifanya figili iwe kali mdomoni na kukimbilia kutoa maua. Ninyi wa Lushoto na nyanda nyingine za baridi hamna shida sana. Wa pwani, jaribuni Juni hadi Agosti, na mtafute mahali penye kivuli cha mchana.

Mkiona majani yametobolewa matundu madogo madogo, ni vijidudu virukavyo kama viroboto. Nyunyizeni majivu makavu asubuhi umande ungalipo. Tena msipande mahali palipotoka kabichi au sukuma wiki; hizo ni za ukoo mmoja na figili, na maradhi yao ni yale yale.

Msipande mbegu zote siku moja. Figili iliyokawia ardhini huwa na uwazi ndani, kama sifongo, haiuziki wala hailiki. Panda mstari mmoja kila juma.

Kazi ya vikundi ni hii: pandeni mistari miwili, mmoja mpunguze miche, mwingine msipunguze. Siku ya 30 ng'oeni yote, mhesabu mizizi inayofaa kuliwa katika kila mstari, na katibu aandike. Juma lijalo, vitunguu.