Sitara ya Mungu na Sitara ya Wauaji
Mhadhara wa umma, Lubumbashi



Nimeombwa niseme juu ya imani ya Mkristo kwa Mungu ambaye, saa ile mja anapomhitaji kupita saa nyingine zote, haonekani wala hasikiki. Mas'ala haya ni ya kale, na mabingwa wa elimu wameyaandikia vitabu visivyo na idadi. Lakini sikuona vema kuyatazama kwa mbali, kama kwamba yalizaliwa katika maktaba za Ulaya na kwetu yamefika ugenini, kwa maana mji huu, uliojengwa juu ya shaba tangu mwaka 1910, umeyajua toka utoto wake. Kwa hiyo nitaanza na mambo yaliyotendeka hapa hapa, katika udongo wetu mwekundu, ndipo niyapandie Maandiko.

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, katika pori la Shilatembo, mwendo usio mrefu kutoka mji huu ambao siku zile uliitwa Élisabethville, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa kwa risasi. Waliowaua hawakutosheka na mauti yao. Maiti zilifukuliwa, zikahamishwa, zikakatwa vipande na kuyeyushwa kwa asidi, ili lisibaki kaburi ambalo mjane au yatima angeweza kulisimamia na kulia. Na mwezi wa Februari serikali ya Katanga iliyokuwa imejitenga ikautangazia ulimwengu kwamba mahabusi wale walitoroka wakauawa na wanakijiji. Polisi Mbelgiji aliyeshiriki katika kazi ile ya kufuta alichukua jino la Lumumba, na ni jino hilo ambalo Ubelgiji ililikabidhi kwa jamaa za marehemu mwezi wa Juni 2022, miaka 61 baadaye, likatiwa katika jeneza la kimo cha mtu mzima na kuzungushwa nchini hata likafika Shilatembo.

Katika miaka ya 1970 alikuwako hapa Lubumbashi fundi wa picha, Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi nzima katika mfululizo wa picha zaidi ya 100 na kumweleza kila moja, kwa Kiswahili cha mji huu, mtaalamu Johannes Fabian. Katika kuchora kifo cha wale watatu, Tshibumba aliweka nyuma yao, kwenye upeo wa macho, misalaba mitatu. Hakuwa padri wala mwanateolojia. Yale ambayo serikali na mabwana zake waliyafukia na kuyatia asidi, yeye aliyatoa mchana kweupe juu ya kitambaa, kisha akathubutu kusema kwa rangi kwamba mahali pale palikuwa na shahidi. Simfanyi Lumumba kuwa Masihi, wala sidhani kuwa ni halali kumfanya mwanasiasa yeyote hivyo. Bali naamini kwamba fundi yule aliona jambo ambalo sisi tuliosoma hulipita mara nyingi bila kulitambua.

Jambo lenyewe ni kuwa zipo sitara mbili. Muuaji hujisitiri kwa kuwa anaogopa macho ya watu: hukata umeme, hufukia, huyeyusha, hupunguza hesabu, huandika taarifa. Mungu anayesemwa na Biblia husitirika kwa namna nyingine kabisa. Musa aliomba aone utukufu, akawekwa katika ufa wa mwamba, akafunikwa kwa mkono, akaachiwa kuona nyuma tu. Na nabii wa sura ya 45 ya Isaya, akinena na watu ambao bado walikuwa mateka Babeli, alimwambia Mungu kwamba Yeye ndiye mwenye kujificha na papo hapo akamwita Mwokozi, pasipo kuona kuwa maneno hayo mawili yanapingana. Martin Luther, katika mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518, alishikilia kwamba anayestahili kuitwa mwanateolojia ni yule amfahamuye Mungu kwa njia ya mateso na msalaba. Msalabani Mungu hakuwa mbali. Alikuwa pale ambapo hakuna mtu mwenye akili zake angemtafuta, katika mwili wa mtu aliyehukumiwa na dola, nje ya mji, kati ya wahalifu.

Msiba wetu mkubwa, nami nausema kwa uchungu, ni kuitumia sitara ya Mungu kuwa nguo ya kuifunika ile ya wauaji. Twende kwenye kilio chochote cha mji huu. Wanawake wameketi ndani juu ya mikeka, wafiwa katikati, vichwa vimefungwa vitambaa. Wanaume wako nje, wamezunguka moto, na mmoja wao ana daftari la mchango analoandika jina na kiasi. Kwaya imekwisha kuimba mara mbili na chai inachelewa. Ndipo anasimama mhubiri, mtu mwema asiye na nia mbaya, na kusema kwamba Mungu amependa, kwamba alilihitaji ua hili katika bustani yake, na kwamba asiwepo wa kuuliza. Mama aliyezaa hunyamaza kwa adabu. Lakini mhubiri akishatoka, husikika sauti ya mama ikiuliza kwa utaratibu, tena na tena, kama anenaye na mtu aliye chumbani humo: Baba, ulikuwa wapi? Kati ya wawili hao, mimi nasema kuwa aliyesali ni mama.

Maana yatupasa kupima ni kitu gani hasa kinachofunikwa kwa maneno yale. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waligoma, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu na ujira ulibaki chini. Tarehe 9 ya mwezi huo walikusanyika katika uwanja wa mpira hapa mjini, gavana akawataka warudi kazini, askari wakafyatua. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu makumi, watu wa kambi za wafanyakazi walihesabu zaidi ya mia. Je, Mungu alipenda? Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi waliingiliwa mabwenini na watu wenye silaha, umeme ukiwa umekatwa, na hata leo idadi inabishaniwa, toka mmoja ambaye dola ilikubali kwanza hata mamia ambayo wengine walitaja. Giza lile halikutoka mbinguni. Lilitoka kwenye swichi, na swichi ilishikwa na mkono.

Au chukueni miaka ya 1992 na 1993, jimbo hili likiitwa bado Shaba, ambapo watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi kutoka Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa huku, na baba zao waliletwa na kampuni kuchimba na kujenga reli. Walilala penye stesheni juu ya magodoro yao, sufuria na vyerehani vimefungwa kwa kamba, wakingoja behewa wiki baada ya wiki. Na watoto walikufa palepale, na wengine njiani, kwa maradhi ambayo katika nyumba yenye maji safi yasingewaua. Mhubiri anayesema juu ya mtoto wa stesheni kwamba ni takdiri ya Mungu amemwondolea hatia gavana, mchochezi na jirani aliyeingia katika nyumba iliyoachwa, akaitupa yote kwa Mwenyezi, ambaye hajitetei. Huko ni kumshuhudia Mungu uwongo, na hakuna kufuru niiogopayo zaidi.

Nikisema hivyo, hata hivyo, sijamaliza mzigo wangu, na si uaminifu kujidai kuwa nimeumaliza. Ondoeni mkono wa gavana, wa askari, wa mwenye mgodi, lipo linalosalia. Katika Kolwezi, tarehe 27 Juni 2019, udongo wa mgodi ulianguka juu ya wachimbaji wadogo, wakafa zaidi ya 40. Hapo umaskini una sehemu yake, na bei ya kobalti, na wale walioshindwa kuwalinda, lakini na udongo pia una sehemu yake. Na yupo mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao sisi tunauita kwa kifupi SS. Saa nane za usiku mifupa inaanza kuuma. Baba anamkanda miguu kwa maji ya moto, mama anatafuta pikipiki ya kuwapeleka hospitali. Mtoto halii tena kwa sauti, anauma shuka. Hakuna dhalimu aliyeutunga ugonjwa ule. Umo katika damu ya wazazi wanaompenda, na walimpa bila kujua. Mbele ya kitanda hicho sitara ya Mungu ni nzito kweli kweli.

Wapo watakaosema kuwa ni adhabu, na katika makanisa yetu ya siku hizi wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakamtafuta mchawi katika ukoo na mara nyingine kumpata katika mtoto mwenyewe, akafukuzwa nyumbani. Wengine, wenye upole zaidi, hulifanya teso kuwa chuo cha subira. Kitabu cha Ayubu kimewajibu wote. Marafiki wa Ayubu walikuwa na hoja safi, zilizonyoka, na kila hoja ilimtetea Mungu; mwishoni Mungu aliwakasirikia kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa, akamhesabia haki yule aliyelalamika, aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, aliyedai ashitakiane na Muumba uso kwa uso. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inakoma gizani, pasipo mstari hata mmoja wa kufariji, na wala Israeli wala Kanisa hawakuthubutu kuifuta katika sala. Naye Yesu, alipokuwa anakufa, alimwuliza Baba yake kwa nini amemwacha. Swali la mama wa kilioni limekwisha kutamkwa na Mwana. Imani yetu yote imesimama juu ya Mungu ambaye ndani yake mwenyewe swali hilo limesikika.

Itanibidi nimkumbuke hapa Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa katika mji huu mwaka 1945. Wengi humkumbuka kwa kitabu. Mimi namheshimu zaidi kwa yaliyofuata Kolwezi, alipoketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akawasikiliza wakimweleza kwa Kiswahili matamanio yao, uzima, uzazi, mapendo, na kutokana na maongezi hayo ikazaliwa harakati ya Kikatoliki iitwayo Jamaa. Kasoro yake, naona, ni kuwa lugha ya uzima na uzazi humwacha nje mwanamke aliyezika watoto wote. Lakini adabu ya kukutana aliyowaachia ni hazina, kwa sababu mwenye kulalamika mbele ya Mungu anahitaji mtu wa kuketi naye asiye na haraka ya kumpa jibu.

Huenda mtu akadhani kwamba ibada ya malalamiko huzaa watu wa kulia tu na kulegea. Mfano wa Christophe Munzihirwa wa Bukavu unakataa. Askofu mkuu huyo, Mjesuiti, aliandika na kupaza sauti mbele ya mataifa juu ya raia wa Kivu na juu ya wakimbizi wa Rwanda, waliokuwa hawana mtetezi, hata akauawa kwa risasi tarehe 29 Oktoba 1996, na mwili wake ukalala barabarani katika mji wake mwenyewe. Yeye hakumwona Mungu akiingilia kati. Alichokiona ni watu wanaofichwa, akaamua kwamba wasifichwe. Na naamini kuwa anayemwomba Mungu ajidhihirishe hawezi tena, kwa dhamiri safi, kusaidia kuwaficha waliouawa.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayatoa kwa makanisa yetu yote, ya Kikatoliki, ya Kimethodisti, ya Kipentekoste na mengineyo. Kila tarehe 9 Desemba yasomwe majina tunayoyajua ya waliopigwa risasi uwanjani, na yasomwe pia ya Mei 1990, na ya stesheni za Likasi na Kolwezi, hata kama usomaji utawakera wenye vyeo. Na katika kilio, pale mhubiri anaposimama, aisome Zaburi ya 88 yote, akae chini, asiongeze neno. Kwa wale ambao imani imewatoka kwa sababu ya mambo waliyoyaona sina shutuma. Wamekataa mungu aliyepaliliwa na wahubiri juu ya makaburi, na katika kukataa huko wako karibu na Ayubu kuliko wanavyodhani. Nawasihi waendelee kuja kuketi nasi karibu na moto. Ama swali la mtoto yule anayeuma shuka usiku, naliacha kama lilivyo, wala sitakubali lijibiwe na mimi au na mtu mwingine yeyote aliyepo humu, kwa kuwa halikuulizwa kwetu.