Ombi la Elimu Maalumu Liandikwe



Mtoto anayekaribia kuanza chekechea hapa Marekani, naye akawa anachelewa kusema, kutembea au kuelewa, ana haki mbele ya sheria. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyoasisiwa mwaka 1975, huzitaka shule za umma zimpime bila malipo tangu atimizapo miaka 3. Si lazima ashindwe darasani kwanza.

Ombi la kupimwa liandikwe, litiwe tarehe, na nakala yake ibaki nyumbani, kwani neno la mdomo husahauliwa. Shule haiwezi kuanza kumpima pasipo idhini yenu ya maandishi. Mkishaipokeza, siku huanza kuhesabiwa: ni 60, isipokuwa pale jimbo lilipojiwekea muda wake. Shule ikikataa kumpima, sharti iwape sababu kwa maandishi.

Kutojua Kiingereza si ulemavu. Sheria yakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu hiyo pekee, na yataka apimwe kwa lugha yake, kila inapowezekana. Katika kikao cha kuandaa mpango wake wa elimu, ninyi ni wajumbe kamili, si wageni waalikwa. Ombeni mkalimani mapema. Shule ndiyo imlipayo. Mtoto wenu mkubwa asibebeshwe kazi hiyo.

Na msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Kuuliza si ujinga.