Mutuba na Ukoo: Hotuba Juu ya Kupiga Picha za Mizizi





Neno "asili", litumiwalo na Waswahili kila siku, limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni mzizi wa kitu, pale kitu kiliposhikia ardhi. Kwa hiyo mtu akiulizwa asili yake ni kama aulizwaye, "Mizizi yako i wapi?" Waganda nao waliifikia maana hiyo kwa njia yao. Katika Buganda ekika, yaani ukoo mkubwa, umegawanyika: chini yake ziko essiga, nalo ni lile figa la jikoni, chini ya essiga iko mituba, chini ya mutuba iko olunyiriri, yaani mstari, na mwisho enju, ndiyo nyumba. Na mutuba ni ule mti wenyewe ambao gome lake hupondwa likawa nguo. Mganda asemapo "mutuba wetu" ametaja mti na babu zake kwa neno moja.

Hivi leo karibu kila kijana wa Kampala hutembea na kamera ndani ya simu yake. Basi yafaa yatajwe machache juu ya namna ya kuipiga picha mizizi ya aina hizo mbili, maana kazi hii ikifanywa ovyo haina faida, na ikicheleweshwa wale wanaojua majina watakuwa wamekwisha kufariki.

Mutuba una tabia ya ajabu. Kwa desturi haupandwi kwa mbegu. Mkulima hukata tawi nene, hulichomeka udongoni, nalo likaota mizizi mahali pageni. Gome lake huchunwa wakati wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na baada ya muda gome jingine hutoka. Mti mmoja ukitunzwa waweza kuchunwa hivyo kila mwaka kwa muda wa miaka 40 hivi. Mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao aitwaye kaboggoza, ndio waliowatengenezea Makabaka nguo hiyo tangu zamani, na mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi yao kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu. Waislamu humzika maiti wao kwa sanda nyeupe, si kwa nguo ya gome. Lakini mti wenyewe umesimama katika migomba ya Waislamu kama katika migomba ya watu wote, na mara nyingi ndio alama ya mpaka wa shamba.

Wengi wanaopiga picha ya mti huinua kamera juu, kwenye majani. Atakaye mizizi lazima achutame. Na aende asubuhi na mapema, au alasiri jua linapoinama, kwa sababu nuru itokayo ubavuni huweka kivuli katika kila mfereji wa mzizi, na adhuhuri kila kitu huonekana bapa kama mkeka. Asichimbe, achukue kile ambacho Mwenyezi Mungu amekiacha juu ya udongo. Amsimamishe mtoto kando ili ukubwa upate kujulikana, kisha arudi nyuma apige picha ya pili ionyeshayo njia na nyumba, ili mtu wa baadaye apate kuujua mti ulipokuwa. Atakaye kujizoeza aende msitu wa Mpanga, upande wa Mpigi, ambako miti mikubwa ina mizizi iliyosimama kama kuta kuzunguka shina. Uko pia mti mashuhuri wa Nakayima juu ya kilima cha Mubende, ambao mizizi yake imefanya kama vyumba, na watu huingia humo na sadaka zao. Muislamu aupige picha kama mti, wala asiuombe kitu.

Hata hivyo picha ya mzizi huonyesha ule ulio juu tu. Uliozama hauonekani kwa kamera yoyote, na hapo ndipo habari ya ukoo inapoanza.

Wako wazee waliochelea kupigwa picha kwa sababu ya dini. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu, wala si kuumba, na wanavyuoni wengi wamemfuata. Asiyeridhika naye aachwe na radhi yake. Mzee huyo aandikwe maneno yake badala ya uso wake, nayo yatafaa zaidi.

Mwaka 1875 Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza alimpiga picha pamoja na wakuu wake. Kabaka alikuwa amekwisha kufunga Ramadhani tangu mwaka 1867, na katika picha ile wakuu wamesimama kwa mavazi marefu ya namna ya pwani. Picha hiyo ilichorwa ikatiwa katika kitabu, na chini yake yakaandikwa majina: Sekebobo, Pokino, na wengine. Yeyote aijuaye Buganda ataona kasoro mara moja. Sekiboobo ni cheo cha mkuu wa Kyaggwe, na Pookino ni cheo cha mkuu wa Buddu. Vyeo hivyo vimekaliwa na watu wengi, mmoja baada ya mwingine. Nyuso zimehifadhiwa, nguo zimehifadhiwa, lakini mjukuu amtafutaye babu yake hakuambiwa pale huyu alikuwa mwana wa nani, wala wa essiga gani. Mwaka uliofuata, 1876, Kabaka huyo huyo aliamuru kuuawa kwa vijana Waislamu waliokataa kuswali nyuma yake na kula nyama ya machinjo yasiyo ya Kiislamu. Habari zao ziliwafikia watu wa baadaye kwa ndimi za wazee.

Kasoro ya picha ya Stanley imo leo katika masanduku ya Waislamu wengi wa Kampala. Picha ya mwaka 1950 na kitu yaonyesha mabwana watano kwa kanzu na koti, na nyuma imeandikwa "Hajji na rafiki zake". Hajji yupi? Baba alisilimu akaitwa Abdallah, mwana akaitwa Musa, mjukuu Abdallah tena, na jina la ukoo likaachwa njiani kana kwamba Uislamu ulilikataza. Uislamu haukulikataza. Katika Surat al-Ahzab imeamrishwa watu waitwe kwa nasaba ya baba zao, na kujua nasaba ndiko kunakomwezesha mtu kuunga jamaa zake.

Tena si jambo la fahari tu. Katika ilimu ya mirathi, wenye mafungu wakiisha kupewa haki yao, kinachobaki ni cha asaba, na asaba yaweza kuwa mwana wa ndugu, au mwana wa ami, au wa mbali kuliko huyo. Ataitwaje mtu asiyejulikana? Kwa Mapatano ya mwaka 1900 ardhi ya Buganda ilipimwa kwa maili, na Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo akapewa maili 24 za mraba kwa ajili yake na wafuasi wake. Wenye mashamba ya zamani waliandikishwa kwa jina moja, na wajukuu wana majina mengine. Shauri likifika mbele ya kadhi au hakimu, mjane aliyeshika picha isiyo na jina hana shahidi mkononi.

Wanubi nao wana jambo lao. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan, wa makabila mbalimbali, walioletwa na Lugard mwaka 1891, na wengi wakaja kukaa Bombo. Hao ni kama tawi la mutuba: walikatwa kule, wakachomekwa huku, wakaota. Mjukuu hawezi kwenda kupiga picha mzizi wa kule, lakini aweza kupiga picha makaburi ya Bombo, na nyanya yake, na kuandika kabila la kwanza la babu kabla halijasahauliwa.

Basi kijana amwendee mzee asubuhi, na asianze kwa kamera. Aketi kwanza, asikilize. Amweke mzee mlangoni, nuru iingie usoni. (Katika arusi moja hupigwa picha mia tatu, na keki hupata kumi, bibi aliyeketi pembeni hapati hata moja.) Picha ya zamani isipigwe kwa taa ya simu, maana itang'aa, iwekwe karibu na dirisha, ipigwe mbele na nyuma, maana mwandiko wa nyuma mara nyingi una thamani kuliko uso. Tangu mwaka 2011 wako watu katika Uganda, kwa jina la History In Progress Uganda, wanaokusanya picha za zamani na kuzionyesha watu, na kazi yao ni ya kusifiwa. Lakini wao hawawezi kujua majina ya jamaa za kila nyumba.

Kisha picha ichapwe karatasini, nakala mbili, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini. Nyuma iandikwe kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino: jina la mtu, la baba, la babu, ekika, essiga, mutuba, kijiji alikozikwa, jina la aliyetoa habari, na tarehe. Nakala moja ikae kwa mzee wa mutuba, na ya pili iwekwe pamoja na hati ya shamba na cheti cha nikahi.