Redio ya Jikoni: Hati Zinazomfuata Mtengeneza Filamu Ughaibuni



Naanza jikoni. Katika filamu yangu ya kwanza ndefu kuna bibi anakuna nazi, redio iko dirishani, taarabu inalia. Wimbo ule hatukuuchagua. Ulikuwa ukipigwa kwa jirani, fundi sauti akaunasa, na tulipokaa kuhariri tukaona umeketi mahali pake. Mnunuzi wa jukwaa moja la mtandaoni huko Ulaya akaipenda filamu, akaomba hati za wimbo. Nikamwendea mwimbaji, akasema wimbo ni wa kikundi. Kikundi wakasema maneno ni ya mshairi, naye alishatangulia mbele ya haki. Kaacha watoto wanne, wawili kati yao hawasemezani. Hakuna aliyekataa, ila hakuna pia aliyeweza kutia saini peke yake. Miezi ikapita, mnunuzi akaacha kujibu barua.

Kwa hiyo mada niliyopewa, ya kujijengea kazi ya filamu nje, nitaisemea upande wa makaratasi. Habari za viza na ada za vyuo naziruka. Ubalozini watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Tazameni alikopita Wanuri Kahiu wa Kenya, aliyesomea filamu UCLA. Filamu yake, Rafiki, aliitoa kwenye “Jambula Tree”, hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Filamu kama hiyo huanza na makubaliano na mwandishi, ndipo kamera iwashwe. Mei 2018 ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika uteuzi rasmi wa tamasha lile, huku nyumbani imepigwa marufuku. Septemba mahakama ikaifungulia kwa siku saba tu, ili iweze kustahili kufikiriwa kwa Oscar. Mwaka 2022 mwongozaji huyohuyo akatoa Look Both Ways kupitia Netflix, kisa cha msichana anayehitimu chuo Texas.

Wapo wanaosikitika hapo: mbona Mkenya anasimulia mambo ya Texas? Mimi sisikitiki. Fundi seremala wa Lamu akiitwa Muscat kuchonga mlango, haulizwi kama nyumba ni yake. Lakini ajue mapema kwamba kilichoitwa ni mkono wake, na hadithi zake mwenyewe zitasubiri zamu nyingine.

Amil Shivji wa Tanzania yeye alikwenda akarudi. Alisomea filamu Chuo Kikuu cha York, Toronto, kisha akaigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N’kuvute, kuwa filamu ya Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa Kiswahili. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, mji uleule aliosomea. Wote wawili walipitia tamashani, na hadithi zote mbili zilikuwa za waandishi wengine.

Msidhani majukwaa ya mtandaoni ni nyumba ya kudumu. Netflix ilianzisha mpango wa bure Kenya mwaka 2021, ikaufunga 2023. Januari 2024 Amazon Prime Video ikaacha kuagiza kazi mpya Afrika. Mnunuzi huondoka, mkataba ukabaki, na hapo ndipo vijana wetu huumia. Kuuza filamu moja kwa moja, dunia nzima na milele, ni jambo moja. Kuikodisha kwa miaka michache na kwa nchi zilizotajwa ni jingine. La kwanza fedha yake inavutia zaidi, hasa ukiwa na deni la kamera. Ila jukwaa likiamua kuitoa filamu uliyoiuza hivyo, huna ruhusa ya kuionyesha hata uwanjani kwenu.

Kuna na hili la sauti. Wanunuzi wengi watadai muziki na vishindo vitengwe na maneno, ili waweke lugha nyingine. Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, tumezoea mtafsiri anayezungumza juu ya kila kitu, risasi, vilio na muziki, na raha yake ni hiyohiyo. Nje hawana subira hiyo. Mwambieni fundi sauti siku ya kwanza, maana ukikumbuka mwishoni utakodi studio kurudia hata mlio wa kandambili.

Nyimbo siku hizi natungisha mpya. Mshairi, mpiga udi na mwimbaji wanatia saini karatasi moja, siku ileile wanayolipwa, kabla chai haijapoa.

Ile filamu ya kwanza ipo bado. Katika nakala ninayoonyesha sasa bibi anakuna nazi kimya, redio imekaa dirishani, na kila mtu huniuliza iliwekwa ya nini.