Paa la Asbesto Lishushwe kwa Adabu

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wetu



Katika ajenda za leo limo jambo la kuezeka upya bweni la zamani. Nimesikia ndugu kadhaa wakijitolea kuja wakati wa likizo na nyundo zao, na vijana wakiahidi kupokea mabati chini. Moyo huo ni mwema, na mchango wangu nitautoa. Lakini kazi yangu serikalini ni ya afya ya mazingira, kwa hiyo sina budi kusema kabla ngazi haijaegemezwa ukutani. Mabati yale mazito ya kijivu si chuma. Ni asbesto, na hayashushwi kwa nyundo.

Nasema haya pia kwa sababu wengi wetu tunaishi chini ya mapaa ya namna hiyo hiyo. Nchi nyingine, kama Marekani, asbesto ilipigiliwa hata kwenye kuta za nje za nyumba. Kwetu imekaa zaidi juu ya paa: katika shule, hospitali, nyumba za mashirika, na nyumba ambazo baadhi yetu tumezinunua au kuzirithi.

Tusiwacheke waliojenga. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi, linalochimbwa ardhini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya kuchanganya nyuzi hizo na saruji ili kutengeneza mabati membamba na magumu. Kwa kawaida nyuzi ni kama asilimia 10 hadi 15, na sehemu kubwa iliyobaki ni saruji. Mabati hayo hayashiki kutu hata pwani penye chumvi, hayapigi kelele mvua inaponyesha, na ndani nyumba hubaki na ubaridi. Mjenzi wa wakati ule alikuwa na sababu ya kuyapenda.

Ubaya wake uko katika zile nyuzi. Bati likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likitobolewa, nyuzi hutoka kama vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Mtu akilivuta, nyingine huingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Baadaye huweza kuleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, au saratani ya utando unaoyazunguka mapafu. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake wawili huko Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani hiyo ya utando, ugonjwa uliokuwa adimu sana. Karibu wote walihusika na asbesto kwa njia moja au nyingine, na baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi tu karibu na migodi walipokuwa watoto. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani.

Jambo linalotudanganya ni muda. Maradhi haya mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Fundi anayevunja paa leo hatakohoa kesho. Atalipwa, atakwenda nyumbani na nguo zake za vumbi, mtoto wake atamrukia kifuani, na wote watalala salama. Siku hesabu itakapodaiwa, mwenye nyumba hatakuwepo, wala hakuna atakayekumbuka lile paa. Nanyi vijana mliotaka kubeba mabati mna miaka 17 au 18. Ninyi ndio mnaoweza kuishi miaka yote hiyo ya kungoja.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke hapa na hofu. Bati zima, lililokaa mahali pake bila kuguswa, hutoa nyuzi chache sana. Kulala chini yake si sawa na kulivunja. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye nyumba ni hili: je, kuna haja ya kuliondoa sasa? Kama paa ni zima, liache. Usilitoboe kwa ajili ya waya, usilisugue ukoga kwa brashi ya chuma, na usilioshe kwa mashine ya maji ya nguvu. Likague kila mwaka ukiwa chini au juu ya ngazi, bila kulikanyaga. Kama limepasuka, linamomonyoka, au nyumba inabomolewa, basi lishushwe, lakini kwa adabu yake.

Adabu hiyo ni hii.

Kwanza, kazi ipewe watu waliofundishwa. Kabla ya kuanza, mwone Afisa Mazingira wa Halmashauri yako au ofisi ya kanda ya usimamizi wa mazingira. Kama umeajiri mafundi, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, nao wana la kusema. Watoto, majirani na mifugo waondolewe, vyakula vitolewe, madirisha yafungwe.

Pili, mfanyakazi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini ya daraja la FFP3, iliyomkaa sawasawa usoni, pamoja na ovaroli ya kutupwa baada ya kazi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi, wala barakoa ya hospitali haizizuii.

Tatu, paa liloweshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, yanyunyizwe polepole, na liendelee kuwa bichi kazi yote. Vumbi lililolowa halipai.

Nne, parafujo zifunguliwe au zikatwe taratibu, na bati litoke zima. Pasiwe na nyundo, msumeno wa umeme wala grainda. Bati lishushwe kwa mikono au kwa kamba, lisirushwe. Na mtu asikanyage bati lenyewe. Asbesto ya zamani huvunjika ghafla chini ya mguu, na anayeanguka hafi baada ya miaka 30, hufa siku ile ile. Atumie mbao pana zinazolala juu ya papi.

Tano, mabati yafungwe kwa nailoni nzito mara mbili, yabandikwe gundi ya utepe, na yaandikwe kwa herufi kubwa: HATARI, ASBESTO. Matope ya kwenye gata na vipande vilivyoanguka vikusanywe vikiwa vibichi na kufungwa vivyo hivyo. Pasifagiliwe pakavu. Ovaroli na barakoa zifungwe pamoja na taka, na mfanyakazi aoge hapo hapo kabla ya kurudi kwa wanawe.

Ndugu Mwenyekiti, hapo paa limeshuka, lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Nimewahi kufika kwenye nyumba moja mjini ambako mabati yalikuwa yameshushwa vizuri, yakapangwa nyuma ya nyumba. Baada ya miezi michache yalikuwa yamegawanywa mtaa mzima. Moja limekuwa ukuta wa banda la kuku, jingine mfuniko wa shimo la choo, na mengine yamepondwa kujaza mashimo ya njia ambayo watoto hupita kwenda shule. Mwenye nyumba alidhani ametoa sadaka. Kumbe hatari iliyokuwa juu ya paa moja ilikuwa imetiwa chini ya miguu ya watu wote.

Asbesto haiozi. Haiungui ikaisha, na ukiitia motoni bati hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Njia yake ni kuzikwa: isafirishwe ikiwa imefungwa na kufunikwa, ipelekwe mahali palipokubaliwa, ifukiwe kwa udongo siku hiyo hiyo, na mahali hapo paandikwe katika kumbukumbu ili mtu asije akapachimba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitenga taka za hatari na taka za kawaida, na kuzisafirisha au kuzitupa kunahitaji kibali. Dampo la mtaani si mahali pake, wala shimo la nyuma ya jikoni.

Najua mtakaloniuliza: gharama. Ni kweli, kazi ya namna hii ni ghali kuliko kumwita fundi na vijana wawili. Lakini bei ile ndogo si ndogo kwa kweli. Sehemu yake italipwa na mapafu ya fundi, na sehemu nyingine na mtoto wa jirani. Sisi tuliosomeshwa hapa kwa jasho la wakulima hatuna haki ya kuwaachia wengine deni hilo.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, bajeti ya bweni iwe na fungu la kushusha na kuzika asbesto, na mabati mapya yasinunuliwe kabla fungu hilo halijatimia. La pili, pasiwe na mwanafunzi wala mwanachama atakayegusa bati la zamani. Nguvu zetu za kujitolea tuziweke katika kupaka rangi na kutengeneza vitanda paa jipya likiwa tayari. La tatu, kila mmoja wetu akifika kwake atazame paa lake, na kama ni asbesto amweleze mpangaji na fundi wake kabla hawajapanda.

Bweni lile lilitusitiri sana. Likisubiri mwaka mmoja zaidi ili lishushwe vizuri, halitatudhuru. Likivunjwa kwa haraka wakati wa likizo, litawadhuru hawa waliokaa mbele yetu.