Nyumba Yenye Makao Mengi

Jumapili ya 5 ya Pasaka, Mwaka A
(Mdo 6:1-7, 1 Pet 2:4-9, Yn 14:1-12)



Masomo yote matatu ya leo yanahusu nyumba. Yesu anawaaga wanafunzi wake akiwahakikishia kwamba kwa Baba hakuna uhaba wa nafasi. Mtume Petro anatuita mawe yaliyo hai. Nacho kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuingiza ndani kabisa mwa nyumba ya Wakristo wa kwanza, na mara tunasikia manung'uniko: wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Tusiione haya habari hiyo. Sisi wa Uwemba, tunaoishi jirani na watawa wa Mtakatifu Benedikto, twajua kwamba hata monasterini kengele haimalizi kila neno.

Tutazame mfano wa nchini mwetu. Jijini Dar es Salaam, wakazi wengi wa Kurasini, wenye nyumba na wapangaji, walitakiwa kuhama ili kupisha upanuzi wa bandari. Baadhi yao, waliokwisha kuanza kuweka akiba katika vikundi, hawakukubali kutawanyika. Mnamo mwaka 2009 walinunua kwa pamoja ekari zipatazo 30 huko Chamazi, wakawa chama cha ushirika wa nyumba kiitwacho Muungano, wakafyatua matofali kwa mikono yao. Mwenye uwezo mdogo alianza na sehemu ndogo ya nyumba, akaongeza baadaye. Na mkopo katika utaratibu wa namna hii hurejeshwa ili umjengee mwingine.

Hapo ndipo penye ugumu. Mpangaji wa kawaida akikosa kodi, hugombana na mwenye nyumba. Katika ushirika mwenye nyumba ni nani? Ni wanachama wenyewe. Tuseme mama mmoja amefiwa na mume, akachelewa kurejesha miezi minne. Anayeumia si tajiri fulani. Ni mama mwenzake anayengoja zamu yake katika chumba cha kupanga. Mhubiri anayeharakisha kusema "msameheni" hajafikiri bado: wasamehe kwa fedha ya nani? Na anayesema "mtoeni" amefikiri kidogo zaidi ya hapo.

Mitume walifanyaje? Hawakuwahubiria wajane uvumilivu. Waliita mkutano wa wote, wakaliweka shauri wazi, jumuiya ikachagua watu saba wenye sifa njema. Tuyasome majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Yaelekea basi kwamba upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa mgawo, na wajane wa upande wa pili wakala kutoka mikononi mwao. Kwetu, anayeuliza habari za fedha huitwa mkorofi, na daftari hufichwa asilione.

Mtakatifu Benedikto naye, katika Kanuni yake ya karne ya 6, ataka abati awaite ndugu wote kwenye shauri zito, hata aliye mdogo, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Tena humwagiza mtunza mali aviangalie vifaa vya kazi kama vyombo vitakatifu vya altare. Kama jembe lapewa heshima hiyo, sembuse kitabu cha hesabu.

Ushirika wa nyumba bado ni mgeni kwa wengi wetu huku Njombe, lakini vikundi vya akiba na mikopo tunavyo, na mama yule mjane tunaye. Makatekista, mnaoaminiwa na watu, saidieni jambo moja. Chama kitenge fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya atakayefiwa au kuugua, na kiasi chake kikubaliwe mkutanoni kabla hajajulikana atakayelihitaji. Hapo msamaha utakuwa na fedha nyuma yake, wala hautamnyang'anya anayengoja. Na kabla jina la mdaiwa halijasomwa hadharani, wawili waende kwake jioni, wakae, waulize: ameshindwa, au amekataa? Majibu hayo mawili hayafanani, na mkutano hauwezi kuyatofautisha kwa kutazama safu ya tarakimu.

Tuwaombee sasa wote wanaongoja zamu ya kupata makao, na watunza hazina wa vyama vyetu.