Kabla ya Kuilaumu Kabureta

Haya ni kwa ninyi, ndugu zetu wa bodaboda mnaosubiri abiria mpakani Busia na mnaopeleka mizigo Tororo. Leo tunaizungumzia pikipiki ya zamani inayozimika ukiachia mafuta, au inayonguruma kwa kasi hata ikiwa imesimama.

Usikimbilie kufungua kabureta. Anza na mpira unaoiunganisha na injini. Joto na umri huupasua, hewa ya wizi ikaingia, mchanganyiko ukakosa petroli. Washa injini, iache ingurume taratibu, kisha nyunyiza maji ya sabuni kuuzunguka mpira huo na vijibomba vya hewa. Mlio ukibadilika, hapo ndipo panapovuja. Usipime kwa petroli. Moto hauna simile.

Mpira ukiwa mzima, chomoa plagi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi: kagua chujio la hewa, maana vumbi la murram huliziba.

Mafuta ya chupa ya kando ya barabara nayo huweza kuja na maji. Zima injini, ipoe, legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, ukinge kwa chupa ya kioo. Maji hutuama chini, utayaona.

Jeti, yaani kijitundu cha petroli ndani ya kabureta, ikiziba, ipulize kwa upepo wa pampu. Usiichokonoe kwa waya: tundu likipanuka, utachoma mafuta bure kila siku.

Basi, kabla ya kununua kabureta mpya, mwambie fundi akague mpira kwanza. Bei yake ni ndogo mno.